Kwa nini bibi aliyehamia Arizona yumo kwenye orodha ya ruzuku, na mimi simo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Familia yetu ilitoka Kigoma miaka sita iliyopita, na sasa tunaishi kaunti ya mashambani huku Iowa, Marekani. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nimekodi ekari tatu, nalima mchicha, biringanya, nyanya na pilipili, na Jumamosi nauza sokoni. Juzi kijana wangu alinionyesha kwenye intaneti orodha ya watu wa kaunti yetu waliolipwa ruzuku ya kilimo. Kuna bibi aliyehamia Arizona zamani, hajagusa shamba kwa miaka ishirini, naye amepata kuliko jirani yetu anayeshinda na kukesha kwenye trekta. Kuna na kampuni iliyopata zaidi ya dola milioni moja. Halafu nilimwomba mwenye shamba aniongezee ekari zifike 20, akakataa. Alisema mboga zangu zitamharibia ekari zake za serikali. Ruzuku hii inagawiwaje? Na mtu kama mimi ana haki yoyote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona sentensi ya mwenye shamba ndiyo ufunguo wa mambo yote uliyouliza. Ukielewa kwa nini anaogopa mboga zako, utaelewa pia kwa nini bibi wa Arizona yumo kwenye orodha na kwa nini jirani yako anaonekana kapata kidogo. Kwa hiyo naanza na hofu yake.

Huko Iowa sehemu kubwa ya ruzuku ya mahindi na soya hailipwi kwa kile mtu alichopanda mwaka huu. Inalipwa kwa kitu kinachoitwa ekari za msingi. Mashamba mengi ya nafaka yaliyosajiliwa katika ofisi ya Shirika la Huduma za Kilimo (FSA), ambalo liko chini ya Wizara ya Kilimo, yana idadi ya ekari zilizoandikwa kwamba ni za mahindi, za soya, za ngano na kadhalika. Idadi hiyo ilitokana na yale yaliyopandwa hapo miaka mingi iliyopita. Shamba likiuzwa, ekari za msingi zinakwenda na shamba. Likirithiwa, zinarithiwa pamoja nalo. Mwenye ekari 100 za msingi za mahindi anaweza kupanda soya shamba zima, na bado akahesabiwa malipo ya mahindi.

Nikupe hesabu ya kweli. Kuna mpango unaoitwa PLC. Sheria imetaja bei ya rejea kwa kila zao. Wastani wa bei ya sokoni ya mwaka ukishuka chini yake, serikali inalipa tofauti. Kwa sheria ya mwaka 2018 bei ya rejea ya mahindi ilikuwa dola 3.70 kwa busheli, ambayo ni kama kilo 25 za mahindi. Kwa mavuno ya mwaka 2019 wastani wa bei ulikuwa dola 3.56. Tofauti ni senti 14. Sasa chukua shamba la ekari 100 za msingi. Zinazolipwa ni asilimia 85, yaani ekari 85. Tuseme mavuno yaliyoandikwa kwenye faili ni busheli 140 kwa ekari. Zidisha: 85 mara 140 ni busheli 11,900, mara senti 14 unapata dola 1,666. Shamba likitoa busheli 200 kwa ekari mwaka huo, au lisitoe hata moja, hesabu ni ileile.

Mpango wa pili unaitwa ARC, nao huangalia mapato ya kaunti nzima: bei na mavuno kwa pamoja. Wanaopokea malipo ya shamba huchagua mmoja kati ya hiyo miwili kwa kila zao. Tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa saini sheria mpya iliyopandisha bei ya rejea ya mahindi hadi dola 4.10, soya kutoka 8.40 hadi 10, na ngano kutoka 5.50 hadi 6.35. Kwa hiyo ekari za msingi zina thamani zaidi leo kuliko zilivyokuwa mwaka 2019, na si ajabu mwenye shamba anazilinda.

Je, ni kweli mboga zinaziharibu? Ana hoja, lakini ameikuza. Sheria inasema hivi: ukipanda matunda au mboga kwenye ekari za msingi, hupunguziwi kitu mpaka uvuke asilimia 15 ya ekari za msingi za shamba hilo. Ukivuka, kila ekari iliyozidi inaondolewa katika ekari zinazolipwa kwa mwaka huo. Mwaka huo tu. Ekari za msingi zenyewe hazifutiki. Ukirudisha mahindi mwaka unaofuata, malipo yanarudi.

Tuseme shamba lake lina ekari 80 za msingi. Asilimia 15 ni ekari 12, hizo unalima mboga bila kumpunguzia chochote. Ukichukua 20, umezidi kwa ekari nane. Ekari zake zinazolipwa zitashuka kutoka 68 hadi 60. Anapoteza nini? Tuchukue bei mpya ya rejea ya dola 4.10 na soko lishuke hadi 3.90. Senti 20 mara busheli 140 ni dola 28 kwa ekari, mara nane ni dola 224 kwa mwaka mzima. Mwaka ambao bei iko juu ya rejea hapotezi hata senti. Mwaka mbaya sana, au kama yuko kwenye ARC, pengo linaweza kuwa kubwa zaidi, lakini bado tunazungumzia mamia ya dola kwa ekari hizo nane, hatuzungumzii shamba kuharibika.

Tena asilimia 15 hupigwa kwa shamba zima lenye namba moja pale ofisini, si kwa kipande unachokodi. Wakulima wengi wa huko wana vipande kadhaa chini ya namba moja ya shamba. Kama namba yake ina ekari 300 za msingi, anaweza kukupa ekari 45 za mboga na asipunguziwe chochote. Kwa hiyo rudi kwake kwa heshima, umwombe mtazame pamoja karatasi ya shamba inayoonyesha ekari za msingi. Kama kweli utazidi, mwambie utamlipa lile pengo juu ya kodi, mkaliandike kwenye mkataba. Kodi ya ardhi ya mahindi Iowa imekuwa inazunguka dola 270 hadi 280 kwa ekari kwa wastani, na mkulima wa mboga mzuri anaweza kulipa zaidi ya hapo. Nimeona mazungumzo ya namna hii yakikwama kwa sababu tu hakuna aliyeketi na kalamu. Huenda sababu yake halisi ni nyingine: magugu, dawa inayopeperuka kutoka shamba la jirani, au hakujui vizuri. Ukiweka hesabu mezani, utajua.

Sasa bibi wa Arizona. Kuna njia mbili zinazoweza kumweka kwenye orodha kihalali kabisa.

Ya kwanza ni aina ya mkataba wake. Iowa zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo hulimwa na mtu asiyeimiliki. Kama amekodisha kwa fedha taslimu, ruzuku ya mazao yote inakwenda kwa anayelima, kwa sababu yeye ndiye anayebeba hatari ya bei na ya mvua. Kama wanagawana mavuno, bibi anabeba sehemu ya hatari, na ruzuku inagawanywa kwa uwiano uleule wa mavuno. Haulizwi anaishi wapi.

Ya pili ni mpango wa CRP, uliozaliwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985. Serikali inamlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwaka ili ardhi dhaifu, ya mteremko au ya kando ya mto, isilimwe na badala yake ipandwe nyasi au miti. Mkataba ni wa miaka 10 hadi 15. Hapa pesa inatolewa ili mtu asilime, kwa hiyo kutoonekana kwake shambani si dosari. Mimi naipenda CRP. Udongo wa Iowa umesombwa mtoni kwa vizazi, na dola inayowekwa kwenye nyasi kando ya mto inafanya kazi hata kama mpokeaji yuko jangwani Arizona. Ukipata nafasi, angalia katika orodha ni mpango gani uliomlipa. Orodha nyingi zinaonyesha.

Jirani yako wa trekta naye usimhukumu kwa namba moja. Orodha ambayo kijana wako ameiona pengine ni ile inayotunzwa na shirika la Environmental Working Group, ambalo hukusanya takwimu za Wizara tangu mwaka 1995. Jumla unayoiona inaweza kuwa ya karibu miaka 30. Dola laki tatu inatisha mpaka uigawe kwa miaka hiyo. Pia mkulima mmoja anaweza kuonekana kwa majina matatu: lake, la mkewe, na la kampuni ya familia.

Na kuna pesa ambayo orodha haionyeshi kabisa. Mkulima wa mahindi hununua bima ya mazao kwa wakala binafsi, na serikali humlipia sehemu ya ada yake. Kwa wastani wa nchi ni kama asilimia 62. Majina ya wanaopata msaada huo hayatangazwi, wala hakuna kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kupata. Hili linanikera, nalisema wazi. Bima ndiyo nguzo kubwa ya ruzuku siku hizi, na ndiyo iliyofichika. Anayesoma orodha ya kaunti anadhani ameona yote, kumbe ameona upande mmoja wa leja.

Kampuni ya dola milioni inatokana na kanuni ya vikomo. Kwa miaka mingi kikomo cha malipo ya PLC na ARC kilikuwa dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka. Sheria ya 2025 imekipandisha hadi 155,000. Ukilisikia hivyo unadhani hakuna atakayezidi. Lakini ubia wa kawaida hauna kikomo chake wenyewe: kila mbia anahesabiwa peke yake. Ndugu watano wakiwa wabia, kikomo chao ni mara tano. Mume na mke ni mara mbili. Mwaka 2018 sheria ilipanua maana ya familia mpaka binamu, wapwa na watoto wa ndugu waweze kuhesabiwa. Sharti ni kwamba mtu awe anashiriki kilimo, na ushiriki huo unaweza kuwa usimamizi tu, si lazima jasho. Sheria ya 2025 imezipa na baadhi ya kampuni nafasi ileile ya ubia. Mimi ningekaza hapo kabla ya mahali pengine popote. Mashamba makubwa yanayoajiri mwanasheria wa kuyapanga majina yanapata yote, na shamba la mtu na mkewe linabaki na vikomo viwili.

Halafu kuna miaka ya dharura, inayofanya namba ziruke. Mwaka 2018 na 2019, China ilipopunguza sana kununua soya ya Marekani kwa sababu ya vita vya ushuru, Wizara ililipa wakulima takriban dola bilioni 23. Pesa hiyo haikupigiwa kura ya peke yake bungeni. Ilitoka katika shirika la mikopo ya mazao la serikali, lililoanzishwa mwaka 1933. Mwaka 2019 kila kaunti ilipangiwa kiwango chake kwa ekari iliyopandwa, kuanzia dola 15 hadi 150. Tuseme kaunti ilipewa dola 60: ekari 100 zilileta dola 6,000, wakati PLC ya mahindi tuliyoipigia hesabu juu ililipa 1,666 kwa mwaka huohuo. Mwaka 2020 ikaja korona na malipo yake. Jumla ya nchi mwaka huo ilikaribia dola bilioni 46. Ukiona mstari wa mtu umepanda ghafla kati ya 2018 na 2020, umeshajua sababu.

Utaniuliza: ilikuwaje pesa ikafungwa kwenye ardhi badala ya mtu? Ilianza hivyo tangu mwanzo. Mwezi Mei 1933, bei za mazao zikiwa zimeanguka vibaya, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwalipa wakulima wapunguze uzalishaji. Waziri wake wa Kilimo, Henry Wallace, alikuwa mtu wa Iowa. Mwaka huo kiasi cha ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zililimwa chini, na watoto wa nguruwe kama milioni sita wakachinjwa. Malipo yalikwenda kwa mwenye ardhi. Huko Kusini wenye mashamba walichukua pesa, wakapunguza ekari, wakawafukuza wapangaji waliokuwa wakilima kwa kugawana pamba. Walikuwamo Weusi wengi, na wazungu maskini pia. Mwaka 1934 wapangaji wa Arkansas waliunda chama chao kudai haki. Sheria zimebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mkondo wa pesa haujahama sana.

Hata leo, anayelipwa kwenye karatasi anaweza asibaki na pesa yote. Ikijulikana kuwa shamba hili lina ruzuku, mwenye ardhi hupandisha kodi. Mchumi Barrett Kirwan alichapisha mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kwamba katika kila dola ya ziada ya ruzuku, kama senti 25 huishia kwa mwenye ardhi kupitia kodi. Jirani yako wa trekta, kama amekodi, huenda sehemu ya pesa yake ilipita tu mikononi mwake.

Nije kwako sasa. Hakuna mpango wa bei kwa mchicha wala biringanya, na hilo ndilo jibu fupi la kwa nini humo kwenye orodha. Si kwa sababu ya asili yako. Wakulima wengi wa Marekani, wazaliwa wa hapohapo, hawapati ruzuku ya moja kwa moja, kwa kuwa hawana ekari za msingi. Lakini ipo milango mingine, na ukaazi wako wa kudumu unakuruhusu kuipitia.

Kitu cha kwanza kabisa ni namba ya shamba. Nenda ofisi ya FSA ya kaunti na mkataba wako wa kukodi, hata kama ni karatasi moja, kitambulisho, kadi ya ukaazi, namba ya hifadhi ya jamii na maelezo ya akaunti ya benki. Sema unataka kusajiliwa kama mlimaji kwenye shamba hilo. Ekari tatu zinatosha. Kisha kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Julai, ripoti ulichopanda na ekari zake. Wakulima wadogo wengi wanaruka hatua hii kwa sababu hailipi kitu siku hiyo. Usiiruke. Dharura ikija, mafuriko au korona nyingine, hesabu huanzia kwenye rekodi, na asiye na rekodi huanza kuhangaika na ushahidi.

Ukiwa na namba, uliza kuhusu NAP. Ni kinga kwa mazao ambayo hayana bima ya kawaida: mvua ya mawe ikikuondolea zaidi ya nusu ya mavuno, unalipwa sehemu. Mtu aliyelima chini ya miaka 10 husamehewa ada ya kujiandikisha. Lazima ujiandikishe kabla ya kupanda, na kila zao lina tarehe yake. Kwa hili anza kuandika daftari tangu leo: tarehe ya kupanda, kilo ulizovuna, ulizouza. Bila daftari la mavuno, hakuna malipo ya hasara. Kama mauzo yako yanakua, wakala wa bima anaweza kukuandikia bima ya shamba dogo zima, iliyoanza mwaka 2022 kwa ajili ya watu wanaouza mchanganyiko wa mazao kama wewe.

Ofisi hiyo pia hutoa mkopo mdogo hadi dola 50,000 wenye karatasi chache. Kopa kwa kitu kinachozaa, jokofu la mboga au mfumo wa kumwagilia kwa matone, usikope kwa kodi ya ardhi. Katika jengo hilohilo, mara nyingi, kuna watu wa uhifadhi wa ardhi wenye mpango wa EQIP. Huo husaidia kujenga kitalu nyumba cha plastiki, na mkulima anayeanza hugharimiwa sehemu kubwa zaidi, hadi asilimia 90, tena anaweza kupewa angalau nusu mapema anunue vifaa. Kwa baridi ya Iowa, kitalu nyumba kinakuongezea wiki kadhaa za kuuza kila upande wa majira. Ila usianze kujenga kabla mkataba haujatiwa saini, maana kazi iliyoanza kabla hailipwi. Na kwa kuwa ardhi si yako, mwenye shamba lazima aridhie kwa maandishi. Ndiyo sababu nakusihi umalizane naye kwanza lile suala la ekari za msingi.

Jambo la mwisho. Kila kaunti ina kamati ya wakulima, watu watatu hadi 11, wanaochaguliwa na wakulima wenzao kwa miaka mitatu. Ndiyo inayosimamia mipango mingi papo hapo na kusikiliza rufaa ya kwanza. Huko nyuma ilidhulumu watu: kesi ya Pigford, iliyofikia suluhu mwaka 1999, ilihusu wakulima Weusi walionyimwa mikopo na misaada, na serikali ikalipa zaidi ya dola bilioni moja. Ukishajisajili na kushiriki mipango ya ofisi, una haki ya kura, na unaweza kugombea. Karatasi za kura hutumwa kwa posta mwanzoni mwa Novemba na hurudishwa mapema Desemba. Ukishasajiliwa, yako iangalie kwenye sanduku la barua mwaka ambao eneo lenu linapiga kura. Isipokuja, piga simu ofisini uulize kwa nini.